Kabla Hujaficha Vidonge Chini ya Godoro

Mke wangu aliviona siku ya kuanika magodoro. Vilikuwa thelathini na kitu, nimevifunga kwenye kipande cha gazeti, vingine vimeshaanza kugeuka rangi kwa joto na unyevunyevu wa Dar es Salaam. Alivihesabu, akavifunga tena, akaja kuviweka mezani pembeni ya kikombe changu cha chai. Nilisubiri makelele. Akavuta kiti, akakaa, akaniuliza: "Mwalimu, hizi dawa zinakufanya nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Wauguzi, ndugu zangu, mchungaji, hata mama mzazi, wote swali lao lilikuwa moja: umemeza? Nami nilikuwa na majibu tele ya swali la mke wangu. Usiku naamka mara nne kwenda kukojoa. Mikono inatetemeka hadi wanafunzi wanaona mtetemeko katika mwandiko wangu ubaoni. Suruali zote zimebana. Asubuhi kichwa kizito kama cha mtu aliyekesha kilabuni, na mimi pombe sinywi. Mambo yote hayo sikuwahi kuyafikisha kliniki. Nilikuwa nachukua dawa, natia sahihi, nashukuru, narudi nyumbani kuzificha.

Nina ugonjwa wa bipola. Kuna majira unanipandisha: silali, naongea bila kituo, natumia pesa nisizo nazo, naona kila jambo linawezekana. Kuna majira unanishusha hadi kuoga kunakuwa kazi ya siku nzima. Natumia dawa za kusawazisha hisia kwa zaidi ya miaka 10 sasa. Si daktari mimi, na haya ninayoandika hayawezi kukaa kwenye kiti cha daktari wako. Ni mambo niliyojifunza kwa kuumia, kwa kuuliza, na kwa kukaa muda mrefu kwenye mabenchi ya kliniki nikisikiliza wenzangu. Nayaandika kwa ajili ya yule ambaye leo jioni ataweka kidonge chini ya ulimi, ageuke pembeni, akiteme.

Wauguzi wa uzazi wa mpango huwaambia akina mama kwamba njia fulani ina maudhi madogo madogo. Ni neno zuri, na nasikitika kwamba kwenye dawa zetu halitumiki sana. Huku kila kitu kinaitwa madhara. Kinywa kukauka, madhara; figo kuharibika, madhara. Basi mgonjwa ama anaogopa yote, ama anazoea yote na kunyamaza. Mimi nayatenga. Maudhi yanakera, yanaaibisha, yanachosha, lakini mengi yanapungua kwa muda au yana namna ya kurekebishwa. Madhara ni yale yanayoweza kukulaza wodini au kukuondoa duniani, na hayo hayasubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Nitakayoyasema humu yote yanazunguka jambo hilo: ujue lipi ni lipi, na yote mawili uyaseme.

Nianze na lithiamu, kwa kuwa ndiyo niliyokaa nayo muda mrefu zaidi, na ndiyo yenye masharti mengi.

Lithiamu ni chumvi ya madini. Mwaka 1949 daktari mmoja wa Australia, John Cade, alichapisha habari za wagonjwa 10 waliokuwa wamepanda, baadhi yao kwa miaka, ambao aliwapa chumvi hiyo wakatulia. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mtu mzima wa miaka 51. Alipata nafuu akaruhusiwa, akarudi kwenye kazi yake ya zamani. Kisha akaacha dawa. Hazikupita wiki nyingi akarudishwa hospitali, amepanda upya. Mwaka 1950 akafariki kwa sumu ya lithiamu hiyohiyo iliyokuwa imemponya, maana siku hizo kiasi cha dawa kwenye damu kilikuwa bado hakifuatiliwi kwa kipimo. Kila ninapoona uvivu wa kwenda maabara namkumbuka mtu huyo.

Leo kipimo kipo. Kwa watu wazima wengi madaktari hulenga kiasi cha kati ya 0.6 na 1.0 kwenye damu. Kikipita 1.5 dalili za sumu huwa karibu, na kwa wazee zinaweza kutokea hata chini ya hapo. Umbali kati ya dawa na sumu, kama unavyoona, ni mfupi. Damu inatolewa saa 12 baada ya dozi ya mwisho, kwa hiyo kama unameza saa mbili usiku, nenda saa mbili asubuhi na kidonge cha asubuhi, kama unacho, kisubiri hadi utolewe damu. Ukimeza kwanza ndipo ukapime, majibu yatakuwa makubwa bila sababu na daktari anaweza kukupunguzia dozi isiyostahili kupunguzwa. Mwanzoni, na kila dozi inapobadilishwa, kipimo hufanyika kila wiki mpaka kitulie. Baadaye ni kila miezi mitatu, kisha sita, pamoja na kuangalia figo na tezi ya shingo. Si kila maabara inapima lithiamu, hivyo uliza kabla ya kulipa nauli.

Sasa kiu. Ukianza lithiamu utakunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani na utakojoa sawasawa na ulivyokunywa. Hayo ni maudhi, na kosa kubwa wanalofanya wagonjwa ni kujinyima maji ili wasiamke usiku. Usifanye hivyo hata siku moja. Figo zetu haziitambui lithiamu vizuri. Zinaichukulia kama ndugu yake, chumvi ya kawaida ya mezani. Mwili ukikaukiwa maji na kupungukiwa chumvi, figo hushikilia chumvi yoyote iliyopo, na lithiamu nayo inashikiliwa humo humo, inapanda kwenye damu. Kunywa maji. Kunywa maji na si soda, maana nimeona watu wakitibu kiu hiyo kwa soda nne kwa siku, halafu wanailaumu dawa peke yake kwa kilo 12 walizoongeza. Kuhusu kuamka usiku, muulize daktari kama dozi yote inaweza kumezwa mara moja jioni. Kwa wengi hilo hupunguza mkojo, nami limenisaidia: kutoka mara nne nimefika mara moja au mbili.

Ukishaielewa habari ya chumvi, mengine yote yanajieleza. Joto la mwezi wa pili hapa pwani, unatoka jasho kutwa nzima: hatari. Kuhara na kutapika: hatari kubwa, na homa kali ya malaria vilevile. Hapo nenda hospitali siku hiyohiyo, sema mapema kwamba unatumia lithiamu, na dozi inayofuata isubiri kauli ya daktari. Umeambiwa una presha ukaacha chumvi ghafla? Mwambie daktari wa akili, kwa sababu kuacha chumvi ghafla kunapandisha lithiamu. Hata chai na kahawa zimo: kafeini husaidia kutoa lithiamu mwilini, kwa hiyo aliyezoea vikombe sita kwa siku akiviacha vyote Jumatatu moja anaweza kujikuta na dawa nyingi kwenye damu kuliko kawaida. Punguza polepole.

Ramadhani inahitaji maneno yake. Ndugu zangu Waislamu huona aibu kusema hawafungi, hasa pale ambapo jirani hajui kwamba wewe ni mgonjwa. Saa 13 bila maji katika jua la Zanzibar au Mombasa si jambo dogo kwa mtu wa lithiamu. Kukesha kwa ajili ya daku nako kunavuruga usingizi, na usingizi ukivurugika mtu wa bipola huanza kupanda. Onana na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Wapo wanaofunga kwa kupangiwa saa za dawa na kupimwa damu katikati ya mwezi, na wapo wanaoambiwa wasifunge. Mgonjwa ana ruhusa ndani ya dini yenyewe, na sheikh yeyote mwenye elimu atakueleza habari ya kulipa au kutoa fidia. Mpeleke sheikh na daktari swali moja, uwasikie wote wawili.

Kisa changu kibaya zaidi kilianzia duka la dawa. Niliumia mgongo nikihamisha madawati. Kijana wa dukani, kwa nia njema kabisa, akaniambia, "Mwalimu, meza hizi mara mbili kwa siku, siku tano tu utacheza mpira." Ilikuwa diklofenaki. Hakuniuliza natumia dawa gani, nami sikumwambia, kwa sababu kulikuwa na wazazi wa wanafunzi wangu kwenye foleni. Siku ya nne mkono uliokuwa unatetemeka kidogo ukawa unarusha chai nje ya kikombe. Nikatapika. Ulimi ukawa mzito, miguu haikubaliani, nikawa natembea nikiegemea ukuta wa darasa. Mwalimu mwenzangu alidhani nimelewa. Mke wangu alinipeleka hospitali, akamwaga dawa zote mezani kwa daktari, ya mgongo na za akili pamoja. Kipimo kilisoma 1.9. Nilikaa wodini siku tano.

Diklofenaki na aibuprofeni zinazuia figo kutoa lithiamu. Na hizo ndizo dawa za maumivu zinazouzwa kama karanga mitaani kwetu: ya jino, ya mgongo, ya tumbo la hedhi. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli haina ugomvi na lithiamu. Dawa kadhaa za presha nazo zina ugomvi huo, hasa zile za kukojosha maji na zile za jamii ya enalaprili na losatani. Haimaanishi kwamba huwezi kutibiwa presha. Maana yake daktari wa presha na daktari wa akili lazima wajue habari za kila mmoja, na anayeweza kuwajulisha ni wewe. Andika kwenye karatasi ngumu: "Natumia lithiamu", na kiasi chake. Itembee na kitambulisho chako. Ukiwa hujiwezi, hiyo karatasi itakusemea.

Dalili za sumu zijue kwa moyo, na watu wa nyumbani wazijue kuliko wewe, kwa sababu akili inapoanza kuchanganyikiwa hutazitambua: kutetemeka kunakozidi na kuwa kukubwa, kutapika na kuhara, kuyumba, ulimi mzito, usingizi usio wa kawaida, maneno yasiyoeleweka. Tofautisha na mtetemeko mdogo wa vidole ambao wengi wetu tunaishi nao. Huo mdogo ni maudhi. Mimi ulipungua dozi ilipopunguzwa kidogo, na kuna dawa iitwayo propranololi ambayo madaktari huitoa kwa ajili yake, ila haimfai mwenye pumu.

Tezi ya shingo nayo ilinipotezea karibu mwaka. Nilikuwa nachoka, nahisi baridi hata Desemba, ngozi imekauka, choo kigumu, uzito unapanda. Nikajiambia ni dawa zimenigeuza zezeta, nikaanza kuzichukia upya. Ndugu wakasema ni uvivu. Mimi mwenyewe niliamini nimeshuka, ni sonona imerudi. Muuguzi mmoja mzee ndiye aliyeuliza, "Mara ya mwisho kupima thairoidi ni lini, baba?" Sikukumbuka. Damu ikaonyesha tezi imelegea, jambo linalojulikana kabisa kwa watumiaji wa lithiamu, na zaidi kwa wanawake. Nilipewa kidonge kimoja kidogo cha kila asubuhi, na baada ya miezi miwili nikawa narudi darasani na sauti yangu. Lithiamu sikuiacha. Ninapofikiria kwamba karibu niiache kwa kosa ambalo kidonge kidogo kililirekebisha, natetemeka kwa sababu nyingine.

Wengi wetu hatupewi lithiamu. Kabamazepini, ambayo watu wanaiita Tegretol, na sodiamu valproeti zinapatikana zaidi kwa sababu ni dawa za kifafa pia. Ukipewa Tegretol usishtuke ukisikia mtu akisema "hizo si za kifafa?" Ni hizohizo, na zinafanya kazi kwetu. Mwanzoni huleta kizunguzungu na kuona vitu viwili viwili, hali inayopungua dozi ikipandishwa polepole. La kuogopa ni vipele. Vipele vikitokea katika wiki za mwanzo, hasa vikiambatana na homa, vidonda mdomoni, macho mekundu au ngozi kuchubuka, acha kumeza na nenda hospitali saa hiyohiyo. Lamotrijini nayo ina hatari hiyo. Ndiyo maana inaanza kwa kiasi kidogo sana na kupandishwa kwa wiki nyingi, na mtu asione anacheleweshwa. Ukikosa lamotrijini kwa siku zaidi ya tano usirudi kwenye dozi yako ya zamani kwa ghafla. Inaanzwa upya kutoka chini.

Kabamazepini ina tabia nyingine ambayo haisemwi vya kutosha: inaliamsha ini livunjevunje dawa nyingine haraka. Dawa mseto ya malaria inaweza kupungua nguvu. Baadhi ya dawa za kufubaza VVU zinapungua nguvu; dolutegravir, kwa mfano, huhitaji kuongezwa dozi. Vidonge vya majira na vipandikizi vya mkononi vinapungua nguvu pia, na nimewafahamu wanawake waliopata mimba wakiwa na kijiti mkononi, wakaambiwa na mawifi kwamba walikuwa wanadanganya. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi havipunguzwi nguvu na kabamazepini. Muulize muuguzi wa uzazi wa mpango, na mtajie dawa kwa jina lake, usiseme tu "za kichwa".

Valproeti, kwa dada zangu, inahitaji ukali zaidi wa maneno. Mtoto akiwa tumboni, dawa hii inaweza kumdhuru: takriban mtoto mmoja kati ya 10 huzaliwa na kasoro za mwili, na watatu hadi wanne kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji na kujifunza. Shirika la Afya Duniani linasema isitumike kwa wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba. Kama wewe ni binti wa miaka 22 na unaitumia bila mtu kukueleza haya, rudi kliniki wiki hii uulize. Usiiache mwenyewe usiku wa leo kwa hofu. Kuacha ghafla kunaleta matatizo yake. Rudi uulize. Na kama tayari una mimba, usisubiri wiki iishe, nenda kesho asubuhi. Nywele kudondoka, uzito kupanda na mikono kutetemeka ni maudhi yake ya kawaida. Macho kuwa ya njano, kutapika kusikokoma na maumivu makali ya tumbo la juu ni madhara: hayo ni ya ini na kongosho.

Kuna kundi la tatu, dawa kama haloperidoli, Largactil, risperidoni na olanzapini, ambazo hutolewa kutuliza mtu aliyepanda na wengine huendelea nazo. Nitaje mambo mawili tu ambayo familia huyaelewa vibaya. Kwanza, baada ya sindano au vidonge vya haloperidoli shingo inaweza kupinda, macho yakageukia juu, taya ikakaza. Nimeona kijana akipelekwa kwenye maombi akiwa katika hali hiyo, watu wakiamini pepo ndiyo kwanza anajidhihirisha. Ni misuli imekazwa na dawa, na hospitali huitibu ndani ya dakika chache kwa sindano. Artane nayo hutolewa kwa ajili hiyo. Maombi yafanyike, ila njiani kuelekea hospitali. Pili, kuna kutotulia: mgonjwa hawezi kukaa, anatembea huku na huko, miguu inamwasha kwa ndani, usingizi hakuna. Ndugu wanasema amepanda tena, dozi inaongezwa, hali inazidi. Muulize mwenyewe. Aliyepanda mara nyingi anafurahia mwendo wake. Huyu anateseka na anatamani kukaa. Mwelezeni daktari tofauti hiyo kwa maneno yenu ya kawaida.

Risperidoni inaweza kusimamisha hedhi au kutoa maziwa kwa mtu asiyenyonyesha. Si lazima iwe mimba, na hakuna aliyekuroga. Olanzapini inaleta njaa ya ajabu, hasa ya wanga na sukari, na inaweza kufungua mlango wa kisukari. Jipime uzito kila mwezi kwenye mzani uleule, pima sukari, na ukiona umepita kilo tatu ndani ya miezi miwili sema mapema, kwa kuwa kilo tatu zinarudi na 20 hazirudi kirahisi. Nyumbani kwetu tuliacha kupika ugali wa mtu mmoja na wali wa mwingine. Sahani yangu ina mboga za majani nusu nzima, na usiku njaa ikiniita nakula tango au papai. Mke wangu anakula hivyohivyo nami. Kula tofauti kwenye meza moja ni adhabu.

Usingizi wa mchana mara nyingi unarekebishwa na saa tu. Dawa niliyokuwa nameza saa tano usiku ilinilaza hadi saa tatu asubuhi. Nilipoanza kuimeza saa moja na nusu jioni, baada ya chakula, niliamka na wanafunzi. Anayeendesha bodaboda au mashine asirudi kazini wiki ya kwanza ya dawa mpya mpaka ajue inamfanyaje.

Na kuna lile ambalo wanaume hawasemi. Nguvu za kiume hupungua, hamu hukata, au mambo hayafiki mwisho. Badala ya kusema kliniki, mtu anaacha dawa kimyakimya au ananunua unga na vichupa vya barabarani ambavyo hajui vina nini ndani. Daktari ameshasikia hayo mara nyingi kuliko unavyodhani. Anaweza kupunguza dozi, kubadilisha dawa, au kugundua kwamba ni sonona au kisukari. Kama huwezi kulitamka mbele ya daktari msichana wa umri wa binti yako, liandike kwenye karatasi umpe. Nilifanya hivyo. Alisoma, akakunja karatasi, akanirudishia, akabadilisha dawa.

Nimeacha kwa makusudi hadi sasa jambo ambalo si maudhi wala madhara, ila limewatoa wengi kwenye dawa. Tunatamani kupanda tena. Ule usiku wa mawazo yanayomiminika, mashairi matatu kabla ya alfajiri, kujiona mrefu kuliko mnazi. Dawa ikikaa sawa, dunia inakuwa ya kimo cha kawaida na mwanzoni inaonekana kama umeibiwa. Niliomboleza hilo kweli, na sitamdharau anayeomboleza. Ila nilikaa na mke wangu tukahesabu kile ambacho kupanda kwangu kwa mwisho kulitugharimu: kiwanja, urafiki na kaka yangu, miezi mitatu ya mshahara. Yeye alikumbuka mengi kuliko mimi. Fanya hesabu hiyo na mtu aliyekuona ukiwa juu. Na kama kweli unahisi umekuwa gogo, hucheki wala hulii, usikubali kuambiwa ndiyo hali yako: huenda dozi ni kubwa, huenda ni tezi, huenda ni sonona iliyobaki. Kuna nafasi ya kurekebisha.

Kusema kliniki nako kuna namna. Foleni ni ndefu na daktari ana dakika chache. Ukisema "dawa zinanisumbua", ataandika zilezile. Nunua daftari dogo la shuleni. Kila jioni andika mistari miwili: saa za kulala, hisia, na lililokukera. Usiku wa kuamkia kliniki chagua mawili makubwa, uyaandike juu. "Nakojoa mara nne usiku tangu Machi" ni sentensi inayomfanya daktari achukue hatua. Nenda na mtu wa nyumbani, na nenda na maboksi ya dawa zote, pamoja na dawa ya mitishamba ya shangazi. Usiione haya. Mimi nilikuwa naona haya hata kukatiza karibu na jengo la wagonjwa wa akili, kwa sababu nimekulia kwenye mji ambao "umetoroka Mirembe" ni tusi, kama vile Zanzibar watu wanavyotaniana kwa Kidongo Chekundu na Nairobi kwa Mathari. Majina hayo ni ya hospitali. Ndani yake nilikutana na walimu wenzangu wawili.

Kama daktari atakubali uache au ubadilishe dawa, kuacha kunafanywa kwa ngazi. Lithiamu hupunguzwa kwa wiki nne angalau, na bora miezi. Wanaoikata ghafla hurudi juu au chini haraka na kwa nguvu, na hatari ya kujiua hupanda, wakati dawa yenyewe ni mojawapo ya chache zinazojulikana kuipunguza hatari hiyo. Dawa za kifafa zikikatwa ghafla zinaweza kuleta degedege. Hapa kwetu mtu huacha ghafla hata bila kutaka, kwa sababu stoo ya hospitali imeisha au hela ya duka la dawa haipo. Weka akiba ya wiki mbili, na urudi kliniki akiba hiyo ikiwa haijaguswa. Dawa ikibadilishwa kampuni au rangi, soma namba ya miligramu kabla ya kumeza, kwani kidonge cha 200 na cha 400 vinaweza kufanana.

Wewe unayemuuguza mtu, nakuomba jambo moja. Leo jioni usimuulize kama amemeza. Muulize lile swali la mke wangu, kisha ukae kimya usikilize hadi amalize, hata kama atakayosema yatakuudhi. Usimwambie "vumilia". Chukua kalamu, umwandikie.

Na wewe ambaye una vidonge chini ya godoro, mfukoni mwa koti, au ndani ya chungu cha maua: visitupwe, vihesabu, uandike idadi yake na tarehe uliyoanza kuviacha. Usivimeze vyote kwa pamoja ili kufidia. Kama mawazo ya kujiua yamekuja, mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi na mwende hospitali usiku huuhuu. Kama hayapo, nenda kliniki kesho asubuhi bila kungoja tarehe ya kadi, mwonyeshe daktari vile vidonge, na umwambie vinakufanya nini.